Kidole cha Bibi Tunu

Kabla ya alfajiri kifuniko cha birika kiligongagonga jikoni. Bibi Tunu, dobi mstaafu wa hospitali, alikuwa akimpikia chai mgeni wake wa kila mwaka: Siwema, afisa anayekuja kuhakiki kama wastaafu wako hai.

Asubuhi mashine ya Siwema ya kusoma alama za vidole ilikataa kidole cha Bibi Tunu. Ikiendelea kukataa, pensheni ingesimamishwa.

"Kumbe nimeshakufa, mjukuu wangu?"

"Bado, bibi. Sabuni ndiyo imekula vidole."

Siwema alikipaka kile kidole mafuta, akakifumbata viganjani mpaka kikapata joto. Kiliporudishwa kwenye mashine, taa ya kijani ikawaka.

"Tayari, bibi. Tuonane mwakani."

Bibi Tunu hakuuondoa mkono wake.

"Mwakani njoo na mashine," alisema. "Kabla ya hapo, njoo bila mashine."