Moli Moja ya Maji

"Jaza mililita kumi na nane," baba alisema kwa taabu, kwani kiharusi kilikuwa kimempoozesha nusu ya uso.

"Mzee, si bora nijaze ishirini kabisa?" muuguzi aliuliza, bomba la sindano mkononi.

"Kumi na nane ndiyo moli moja ya maji."

"Haya, mwalimu, darasa limefunguliwa." Kisha muuguzi akamnong'oneza binti wa mzee, aliyesimama kando ya kitanda, "Akiweza kumeza, daktari ataendelea na matibabu. Akishindwa, basi."

"Mwanangu, piga hesabu," baba alisema. "Ukihesabu chembe zilizomo humo, moja kila sekunde, utamaliza lini?"

Binti alitoa simu. Aliandika mia sita na mbili, akafuatisha sufuri ishirini na moja: idadi ya chembe katika moli moja. Akagawanya kwa sitini kupata dakika, kwa sitini tena kupata saa, kisha siku, kisha miaka. Shuleni aliikariri tu namba hiyo.

"Miaka bilioni moja, mara milioni kumi na tisa," alisema polepole. "Baba, hii haiishi!"

"Umechelewa kuelewa, lakini umeelewa." Akafungua mdomo.

Muuguzi alisukuma maji kidogo kidogo. Binti alikitazama kikoromeo cha baba yake. Hakikupanda. Maji yalitokea upande uliopooza, yakashuka kidevuni, yakalowesha mto.

Muuguzi aliweka bomba chini.

"Yamepita yote?" baba aliuliza.

Binti alifunika doa kwa kiganja. Doa lote lilitoshea chini ya kiganja kimoja.

"Yote, baba."