Bia ya Harusi ya Naishiye

Mtambo wa kutengenezea bia ulikuwa umepika kimea na kuivisha bia wenyewe, pale jikoni. Kulibaki kuonja tu. Kirumbi alifungua bomba, akajaza glasi. Ini lake lilikuwa limeoza nusu, na daktari alikuwa amemwonya asiguse hata tone.

"Kesho binti yangu anaolewa," alisema. "Nitawapaje wageni kitu nisichokionja?"

Mkewe, mlokole asiyewahi kunywa pombe maishani, alimpokonya glasi.

"Nifundishe, Baba Naishiye. Nisikilizie nini?"

Kirumbi alimeza mate. "Uchungu. Uje mwishoni, taratibu."

Mama Naishiye alifumba macho, akainua glasi mpaka mdomoni. Kirumbi akamshika mkono, asijue mwenyewe kama anamsaidia au anamzuia.