Bei Mpya ya Maziwa

Mchinjaji alikuwa akimpapasa ng'ombe ubavuni, akikadiria nyama, simu ya Mama Pacha ilipoita. Aliyepiga alikuwa dada yake wa mjini.

"Umesikia, mdogo wangu? Serikali imepanga bei ya maziwa. Hakuna duka linaloruhusiwa kuipita. Leo wanangu wamekunywa mpaka wakasaza."

"Nimesikia, dada."

Alikuwa amesikia mapema kuliko wa mjini. Kiwanda kinachonunua maziwa yao kilipozuiwa kupandisha bei dukani, kilikata malipo ya wafugaji. Karani wa kituo cha maziwa alimweleza kwa upole, macho chini. Pumba hazikupangiwa bei, wala dawa. Tangu siku hiyo Mama Pacha alikuwa akikamua hasara tu.

"Mbona umepoa? Hufurahi na sisi?"

"Nafurahi, dada. Waache watoto wanywe."

Ng'ombe aligeuza shingo, akamlamba Mama Pacha kiganja kwa ulimi unaokwaruza kama msasa, akitafuta chumvi. Kiwele kilikuwa kimejaa hadi kung'aa. Tone moja la maziwa lilidondoka vumbini, kisha jingine. Asubuhi hiyo Mama Pacha alikuwa ameshindwa kumkamua, mikono ilikataa.

"Huyu ndiye wa mwisho?" mchinjaji aliuliza.

Aliitikia kwa kichwa.

"Nasikia sauti ya mwanamume," dada yake alisema. "Uko na nani hapo?"

"Mgeni tu," Mama Pacha alijibu, akamkabidhi mchinjaji kamba.