Sajini Kiilu na Joka la Darajani

Sajini Kiilu alisukuma mlango wa Lusweti, pale Buruburu, bila hata hodi. Pingu mkononi. Watu watatu wakageuka. Wa nne hakugeuka: kijitu cha koti la buluu ndani ya televisheni, kikikimbia kuelekea kulia kama kimeiba kuku.

"Mkutano uko wapi?"

"Mkutano gani tena, Afande?" Lusweti, karani wa kiwanda cha sabuni huko Baba Dogo, hakuachilia padi ya kuchezea gemu. "Sisi Jumapili tunaruka mashimo tu."

Wengine wamesahau, sisi hatusahau. Mwaka ule wa tisini na tatu, watu kumi wakikaa pamoja bila leseni walikuwa wahalifu, hata wakiwa wanachambua mchele. Na Kiilu aliambiwa waziwazi na mkubwa wake: watu wa sabuni wanapanga mgomo leo. Ukirudi mikono mitupu, kesho unapanda lori, unahamishiwa mpakani.

Akahesabu. Lusweti, mkewe Nabiswa, na Opicho wa jirani. Watatu!

"Nitangoja hapahapa," akasema, akajibwaga kochini.

Kijitu kikatumbukia shimoni. Lusweti akapiga paja. "Limenishinda hili! Hebu jaribu, Afande."

"Niko kazini."

"Mara moja tu."

Mara moja tu, Kiilu akatumbukia. Hasira zikampanda, aliona wazi kwamba kosa lilikuwa la kidole gumba, si lake. Mara ya pili akavuka. Akakanyaga kaa, kaa akawa chapati. Mara ya tano alikuwa amevua koti na viatu, na pingu zilikuwa chini ya kochi.

Mlango ukafunguka. Mama mmoja mwenye Biblia akachungulia. "Uuui! Ni Afande anacheza hivyo?"

"Mama Syombua, viti hakuna," Nabiswa akamwambia. "Pita uani unywe chai. Tutakuita akifika kwa lile joka la mwisho, darajani."

Wakaja vijana wawili, kisha mzee mmoja na wenzake. Sifa husambaa haraka mitaa ya Eastlands. Kila mmoja alisimama kidogo, akatikisa kichwa kwa mshangao, akapita uani. Nabiswa alipeleka birika, kisha sufuria nzima.

"Watu si wamekuwa wengi, Afande?" Opicho aliuliza kwa upole.

"Kutazama gemu si mkutano," Kiilu akaamua, bila kugeuza macho. "Sogea, unaniziba!"

Kila alipovuka shimo, makofi yalisikika kutoka uani. Kiilu hakuwahi kupigiwa makofi maishani, hata siku ya harusi yake.

Saa kumi na moja na nusu joka likaanguka kutoka darajani. Aligeuka, akakuta sebule imejaa watu hadi mlangoni, wanapiga vigelegele. Akawapa mkono mmoja mmoja, machozi yakimlengalenga. Kisha akavaa viatu, akaandika kwenye daftari lake: *Hakuna mkutano.*

Jumatatu mashine za sabuni zilinyamaza. Langoni pa kiwanda palibandikwa karatasi, na Kiilu, aliyetumwa kuibandua, aliisoma kwanza.

"Kumbukumbu za mkutano wa Jumapili. Waliohudhuria: arobaini na wawili, uani. Mlinzi, sebuleni: mwakilishi wa Serikali. Mkutano ulifunguliwa shimo la kwanza lilipovukwa, ukafungwa joka lilipokufa."