Pini ya Sauti

Tusekile alizaliwa kiziwi, na chipu iliyopandikizwa nyuma ya sikio lake ndiyo iliyompa sauti. Lakini pini ya chipu hiyo, kijiguu cha chuma kilicholeta sauti, ndiyo hiyo hiyo iliyopeleka mahudhurio yake, yaani taarifa kwamba yupo, kwa wakuu wa mji, na pini moja haifanyi kazi mbili kwa wakati mmoja. Kwa sheria, asubuhi hadi jioni ilikuwa ya mji. Mchana kutwa Tusekile hakusikia kitu.

Jumanne jioni mama mkwe wake alimpokea akicheka. "Leo Lugano amesema 'mama'. Mara tatu!"

Tusekile alichungulia kitandani. Mtoto alikuwa amelala.

Kesho yake hakwenda kazini. Alikuwa fundi wa mitambo, na programu zinazoziongoza pini alizijua vizuri. Akaunganisha chipu na kompyuta, akafuta neno "mahudhurio" kwenye mstari wa pini ile, akaandika "sauti".

Kabla ya adhuhuri afisa alibisha hodi.

"Dada, kwenye mfumo hupo."

"Si unaniona?"

"Naandika mfumo unavyosema. Asiyekuwepo hapewi maji wala matibabu. Irudishe pini, yaishe."

"Siirudishi. Andika."

Afisa akaandika, akaondoka. Punde bomba la jikoni likakoroma, likakauka.

"Mwanangu," mama mkwe akasema kwa hofu, "tuna ndoo mbili tu."

Sakafuni, Lugano aliita. Tusekile akapiga magoti mbele yake, machozi yakimtoka.

"Sema tena, mwanangu. Mama anasikia."