Kiti Mlangoni

"Wale walevi? Mlango wa mwisho, nyuma ya choo!" mlinzi alipayuka, na watu wote uani wakageuka.

Fundi cherehani, aliyekuwa ameuliza kwa kunong'ona kilipo kikao cha wanaoacha pombe, alitamani ardhi immeze, lakini hakurudi. Mikono ilikuwa ikimtetemeka kiasi kwamba hata uzi ulikuwa hauingii tena kwenye sindano. Asipoacha pombe, kazi itamponyoka.

Aliusukuma mlango, akaganda hapo hapo.

Aliyesimama mbele ya viti vya plastiki, akizungumza, alikuwa kaka yake. Kaka huyo huyo aliyemmwagia maji ya ndoo mbele ya majirani na kumwita dada mlevi, aibu ya ukoo.

"Huu mwaka wa pili sijagusa chupa," kaka alikuwa akisema. "Nyumbani hawajui. Wanadhani naenda kwaya."

Fundi alihisi damu ikimpanda kichwani. Mwaka wa pili! Kaka alikijua chumba hiki, na bado alimwacha yeye azame.

"Mnafiki mkubwa wewe!"

Kaka alimwona, uso ukamshuka. "Dada... tutaongea nyumbani."

"Nyumbani unajua kutukana tu!"

Mama aliyekuwa akigawa chai alimsogezea kiti. "Hapa hatukatizani, mwanangu. Mwache amalize, kisha useme wewe."

Lakini kaka alichukua kofia yake, akaanza kutoka.

Fundi alikiburuta kile kiti hadi mlangoni, akakikalia.

"Mimi pia ni mlevi," alisema. "Na leo, kaka, utanisikiliza mpaka mwisho."