Kofia ya Bao la Tatu

Klabu ya hoki ya barafuni ilipouzwa kwa mji mwingine, mashine za kugandisha uwanja zilizimwa. Mzee Kitwana akaja kukaa kwenye kiti chake kilekile, kofia mkononi.

Mjini pale, mchezaji akifunga mabao matatu katika mechi moja, mashabiki huvua kofia zao na kuzirusha juu ya barafu. Miaka mingi iliyopita, Shaibu, mwana wa Mzee Kitwana, alifunga mawili uwanjani humu. Akilifukuzia la tatu, aligonga ukuta kwa kichwa, wala hakuinuka tena. Tangu hapo Mzee Kitwana hakumrushia mtu kofia.

"Tunafunga milango, baba," mlinzi alimwambia kwa upole. "Barafu yenyewe imeshayeyuka."

"Nimekuja kwa bao la tatu."

"Hakuna anayecheza, baba."

"Najua, mwanangu. Lakini wakishabomoa hapa, nitamrushia wapi?"

Taratibu, mlinzi naye akavua kofia yake ya kazi.

Mzee akairusha yake. Haikuteleza kama zilivyoteleza kofia za zamani. Ilielea juu ya maji, ikazunguka kidogo, kisha ikaanza kusogea polepole kuelekea golini.